Alama za kuchaji haraka kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukichomeka simu kwenye umeme, kioo huonyesha kitu: radi moja, radi mbili, "Inachaji kwa kasi", "Super fast charging", VOOC, au duara lenye asilimia zinazokimbia na nukta. Majibu yafuatayo yanahusu zaidi simu zilizojaa mitaani kwetu Afrika Mashariki: Tecno, Infinix, itel, Samsung, Xiaomi, Oppo, realme na iPhone.

Alama hiyo inaniambia nini hasa?

Inakwambia kwamba simu na chaja zimepatana, basi. Waya ukishaingia, vifaa hivyo viwili huulizana: chaja ina uwezo wa kutoa volti ngapi na ampea ngapi, na simu iko tayari kupokea kiasi gani. Vikipatana kwenye kiwango kilicho juu ya kile cha kawaida, simu inawasha alama. Umeme unaoingia kwenye betri dakika hiyo ni habari nyingine. Unaweza kuwa mdogo kuliko mapatano kwa sababu simu imepata joto, betri inakaribia kujaa, au unacheza gemu huku unachaji. Ndiyo maana simu inaweza kuandika "Fast charging" saa nzima na asilimia zikaendelea kupanda kwa kusuasua.

Zaidi ya hapo, kila kampuni ina kizingiti chake. Katika Android ya msingi, "Inachaji pole pole" hutokea chaja ikiwa chini ya wati 5, na kwa miaka mingi kizingiti cha "Inachaji kwa kasi" kilikuwa wati 7.5, ila mtengenezaji wa simu anaruhusiwa kukibadilisha. Kwa hiyo simu mbili zilizolala mezani zinaweza zote kudai zinachaji kwa kasi, moja ikila wati 10 na nyingine wati 33.

Simu inajuaje kwamba chaja hii ni ya haraka?

Ndani ya waya wa USB kuna nyaya ndogo kadhaa. Mbili hubeba umeme, na nyingine mbili, zinazoitwa D+ na D−, kazi yake ya asili ni kubeba data. Chaja za kawaida huunganisha D+ na D− zenyewe kwa zenyewe. Simu ikigundua hivyo, inajua haijachomekwa kwenye kompyuta na kwamba inaweza kuvuta hadi ampea 1.5 kwa volti 5, yaani wati 7.5.

Chaja za haraka huenda mbali zaidi, na hapa ndipo lugha zinapotofautiana.

Quick Charge ya Qualcomm hutumia nyaya hizo hizo za data. Simu huweka kiasi fulani cha volti kwenye D+ na D−, na chaja hujibu kwa kupandisha volti kutoka 5 hadi 9 au 12. Toleo la 3.0 hupandisha kwa hatua ndogo za volti 0.2. Mfumo wa Samsung wa wati 15 nao hupitia D+ na D−, na hiyo ndiyo sababu unafanya kazi kwenye chaja zenye tundu la USB la mstatili.

USB Power Delivery, ambayo kwenye chaja hufupishwa PD, hutumia waya mwingine kabisa unaopatikana kwenye Type-C pekee. Chaja hutuma orodha ya viwango ilivyonavyo, kwa mfano volti 5 kwa ampea 3, volti 9 kwa ampea 2.22, na simu huchagua kimoja. Nyongeza yake inayoitwa PPS huiruhusu simu kuomba volti kwa hatua ndogo sana za 0.02, hivyo chaja hutoa kile hasa betri inachohitaji na simu haipati joto la bure.

VOOC ya Oppo, iliyoanza mwaka 2014 na ambayo realme na OnePlus wanatumia aina zake, ilikuja na njia ya kinyume: badala ya kupandisha volti, ilipandisha ampea. Toleo la kwanza lilitoa volti 5 kwa karibu ampea 4. Faida yake ni kwamba kazi ya kupunguza volti hufanyika ndani ya kichwa cha chaja, na joto linabaki ukutani. Hasara yake ni kwamba inataka kichwa chake, waya wake na simu yake. Kimoja kikikosekana, mapatano hayapo.

Nina chaja ya wati 65 lakini simu inaandika "Charging" tu. Chaja ni feki?

Inawezekana, lakini mara nyingi ni orijino inayozungumza lugha isiyo ya simu yako. Chukua kichwa cha SuperVOOC, yaani VOOC yenye nguvu zaidi, cha wati 65. Ukisoma maandishi yake madogo utakuta mistari miwili: volti 5 kwa ampea 2, na volti 10 kwa ampea 6.5. Zile wati 65 ziko kwenye mstari wa pili, na mstari huo hufunguka kwa simu za jamaa zake tu. Samsung ikichomekwa hapo inapewa mstari wa kwanza, wati 10, na inaandika chaji ya kawaida. Hakuna kilichoharibika.

Kinyume chake pia hutokea. Realme au Oppo ikiwekwa kwenye chaja nzuri ya PD ya wati 65 mara nyingi huchaji kwa wati 10 hadi 18, bila lile neno la SuperVOOC kutokea.

Maandishi madogo ya kwenye chaja yanasomwaje?

Achana na namba kubwa iliyochorwa mbele. Geuza kichwa, tafuta neno OUTPUT, na usome kila mstari peke yake. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati.

5V⎓2A ni wati 10. Hiyo ni chaja ya kawaida, hata kama boksi limechorwa radi kumi.

9V⎓1.67A ni wati 15. Kwa Samsung, hapa ndipo "Fast charging" inapoanzia.

9V⎓2A ni wati 18, kiwango cha simu nyingi za bei ya kati kama Tecno Spark 10 na Redmi 13C. Hiyo Redmi 13C ina jambo linalowachanganya wengi: simu inakubali wati 18, lakini kichwa kilichomo kwenye boksi lake ni cha wati 10. Anayetumia chaja ya boksi hana kosa lolote, ila mwendo wa juu wa simu yake hajawahi kuuona.

Ukikuta mstari unaoanza na neno PPS na kufuatiwa na volti za "kuanzia hadi", mfano 3.3–11V⎓2.25A, hiyo ndiyo inayohitajika kwa Samsung za wati 25. Chaja ya PD isiyo na mstari huo, hata iwe ya wati 100, itaifikisha Samsung kwenye "Fast charging" na kuiacha hapo.

Usijumlishe mistari. Wauzaji wengine hujumlisha matundu yote ya chaja na kuandika jumla hiyo mbele kwa herufi nene. Chaja yenye matundu manne ya 5V⎓2A inaweza kuuzwa kama ya "wati 40", na hakuna simu hata moja itakayopata zaidi ya 10.

Samsung ina "Charging", "Fast", "Super fast" na "Super Fast 2.0". Zinatofautianaje?

"Charging" au "Cable charging" ni volti 5, wati 10 kushuka chini. "Fast charging" ni wati 15 hivi. "Super fast charging" ni wati 25, na inataka chaja ya PD yenye PPS na waya wa Type-C pande zote mbili. "Super Fast Charging 2.0" ni wati 45, na hapo pana sharti la ziada: waya wenyewe lazima uwe wa ampea 5.

Usinunue kichwa cha wati 45 kabla ya kujua simu yako inapokea ngapi. Galaxy A14 mwisho wake ni 15. Galaxy A05, A15 na A55 ni 25. Kwenye simu hizo kichwa cha 45 hakiongezi hata dakika moja.

Kabla hujalaumu chaja, angalia swichi zenyewe. Ingia Mipangilio, kisha Betri, kisha sehemu ya mipangilio ya kuchaji. Humo kuna kitufe cha "Fast charging" na kingine cha "Super fast charging". Kwenye matoleo ya zamani vimefichwa chini ya utunzaji wa betri na kifaa, na havikubali kubadilishwa simu ikiwa kwenye chaji. Chomoa kwanza.

Radi mbili kwenye Xiaomi na Redmi?

Radi moja ni chaji ya kawaida, mbili ni chaji ya haraka. Kwenye simu zenye mfumo mkubwa zaidi, kama za wati 33, utaona pia asilimia zenye tarakimu za nukta zikikimbia mara tu unapochomeka. Tarakimu hizo ni urembo wa skrini, si kipimo. Vichwa vingi vya Xiaomi vya tundu la mstatili vina mguso wa ziada ndani ya tundu, na waya wao una mguso wa kuulaki. Ndiyo sababu kichwa orijino pamoja na waya wa kuokoteza huishia kwenye radi moja.

Na Tecno, Infinix na itel?

Simu za familia hii huandika kwenye kioo kilichofungwa na kuonyesha mchoro unaojaa, na maneno hubadilika kutoka modeli hadi modeli. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kusoma wati za modeli yako kwenye boksi, halafu kuzilinganisha na mistari ya chaja. Tofauti ndani ya familia ni kubwa: Infinix Hot 30 ni wati 33, Note 30 ni 45, na Zero Ultra ya mwaka 2022 ilifika 180. Usidhani chaja ya Infinix moja inatosha kwa nyingine.

Note 30 ina pia kitu ambacho huzaa malalamiko yasiyo na msingi: hali ya kupitisha umeme pembeni ya betri wakati wa gemu. Ukiiwasha, waya umechomekwa, alama ipo, lakini asilimia zimeganda. Umeme unaenda moja kwa moja kuendesha simu na betri imeachwa ipumzike. Ndivyo ilivyokusudiwa.

iPhone haiandiki chochote. Nitajuaje kama inachaji haraka?

Radi ya iPhone ni ile ile kwa wati 5 na kwa wati 27. Kuanzia iPhone 8 ya mwaka 2017, simu hizi hupokea chaji ya haraka, lakini kwa chaja ya PD ya Type-C pekee. Kile kichwa cheupe kidogo cha zamani ni wati 5, hata ukikitazama kwa upendo.

Ukiwa na iOS 18 au mpya zaidi, fungua Settings, kisha Battery: chaja ikiwa dhaifu utasoma "Slow Charger", na grafu ya muda huo itakuwa na rangi ya machungwa. iOS 26 huonyesha pia muda uliobaki. Kwa iPhone za nyuma ya hapo kipimo ni saa ya ukutani. Kwa kichwa cha wati 20 na betri iliyokaribia kuisha, nusu saa inatakiwa ikufikishe karibu asilimia 50. Ukipata 20, chaji ni ya kawaida.

Nimebadilisha waya tu na alama imepotea. Waya una nini cha ajabu?

Waya ndio unaodharauliwa kuliko vyote, na ndio unaoharibu mapatano mara nyingi kuliko vyote. Unaweza kukosea kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kukosa nyaya za data. Nyaya nyingine za bei ya chini zina nyaya mbili tu za umeme ndani, na D+ na D− hazipo. Jaribu kuuchomeka kwenye kompyuta: kama simu haijitokezi kwa kuhamisha mafaili, chaja inayotegemea D+ na D− nayo haiwezi kuongea na simu kupitia waya huo.

Ya pili ni unene. Unene wa shaba hupimwa kwa AWG, na namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Waya wa 28 AWG una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja unahesabika mita mbili, omu 0.43. Ukipitisha ampea 2, unapoteza volti 0.85 njiani. Chaja imetoa volti 5, simu imepokea 4.15, na simu ikiona volti zinazama inapunguza mvuto yenyewe. Waya wa 24 AWG wa urefu huo huo unapoteza volti 0.34 tu. Baadhi ya nyaya nzuri zimechapwa maandishi kama 28AWG/1P+24AWG/2C: ile 28 ni ya data, ile 24 ndiyo ya umeme, na ndiyo ya kutazama. Ule waya wa mita tatu unaofika mpaka kitandani ni raha, lakini hesabu yake zidisha kwa tatu.

Ya tatu ni chipu. Waya wa Type-C kwa Type-C wa kawaida unaruhusiwa ampea 3, mwisho wati 60 kwa volti 20. Kuvuka hapo hadi ampea 5 waya unatakiwa kuwa na chipu ndogo ndani ya kichwa chake inayojitambulisha kwa chaja. Bila chipu hiyo, Samsung ya wati 45 huteremka kwenye "Super fast charging" ya kawaida.

Alama inawaka, inazima, inawaka tena. Tatizo liko wapi?

Mguso umelegea mahali fulani, na kila unapokatika simu na chaja huanza mazungumzo upya. Fuata mpangilio huu, kutoka rahisi kwenda gharama.

Anza ukutani. Chaja nyingi za pini mbili zinawekwa kwenye soketi zetu za pini tatu kwa adapta, au kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu, jambo ambalo ni hatari na mguso wake ni mbovu. Chomeka kichwa moja kwa moja kwenye soketi nzima bila ekstensheni. Alama ikitulia, umepata jibu.

Halafu badilisha waya. Kisha tazama tundu la simu kwa tochi. Vumbi na nyuzinyuzi za mfukoni hushindiliwa na kila uchomekaji mpaka zinakuwa kama kibao chini ya tundu. Dalili yake: waya hauingii mpaka mwisho, unabaki umetokeza kidogo, na unachomoka ukiguswa. Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao au plastiki, kichonge kiwe chembamba, na ukokote uchafu kutoka pembeni kuja nje, bila kusukuma ule ulimi wa katikati wa Type-C. Sindano na pini hapana, zinaunganisha miguso na kukwangua dhahabu. Kupuliza kwa mdomo pia hapana, unapeleka mate na unyevu.

Kama tundu ni safi, waya ni mzima na bado alama inacheza ukitikisa, hapo tundu lenyewe limechoka. Ni kazi ya fundi.

Ilikuwa "haraka" ikiwa na asilimia 20. Ilipofika 80 ikawa kama imelala. Kwa nini?

Betri za lithiamu huchajiwa kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, chaja ya ndani ya simu husukuma ampea nyingi bila kupunguza huku volti za betri zikipanda. Volti zikigusa kikomo chake, kwa simu nyingi za leo karibu 4.4, awamu ya pili inaanza: volti zinashikiliwa hapo na ampea zinapunguzwa kidogo kidogo hadi karibu sifuri. Ni kama kujaza ndoo: mwanzo unafungulia bomba lote, ikikaribia kujaa unalibana isimwagike. Kwa hiyo 80 hadi 100 inaweza kuchukua muda karibu sawa na 20 hadi 80, na baadhi ya simu huendelea kuonyesha alama ile ile muda wote huo.

Betri iliyoisha kabisa nayo huanza taratibu. Dakika chache za mwanzo simu huipa umeme mdogo sana mpaka volti zirudi mahali salama. Usianze kupima mwendo katika dakika hizo.

Joto linaathiri vipi?

Sana, na kwa watu wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Muscat hili ni jibu la kuanzia. Betri za lithiamu zinastahili kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45. Simu hupunguza mwendo kabla ya kufika 45, na ikivuka inasimamisha chaji kabisa na kuandika kwamba joto limezidi. Chumba chenye nyuzi 33, kava nene la mpira, video inachezwa na wati 33 zinaingia: hakuna njia simu itabaki kwenye mwendo wa boksi.

Vua kava, iweke juu ya sakafu ya vigae au meza, si kitandani wala chini ya mto, zima data kama huihitaji. Usiiweke kwenye friji. Unyevu utakaoganda ndani ni ghali kuliko dakika ulizookoa. Ndani ya gari, iondoe kwenye dashibodi yenye jua.

Kwenye kompyuta, gari, sola na pawabenki inaandika "pole pole". Ni kawaida?

Kompyuta ni kawaida kabisa. Tundu la USB 2.0 limewekewa ampea 0.5, wati 2.5. Lile la USB 3.0, mara nyingi la buluu, ni ampea 0.9. Matundu mengi ya redio za gari na yale yanayofungwa kwenye pikipiki hayapishani sana na hapo. Ukitumia ramani na skrini imewaka, simu inaweza kupungua chaji huku radi ikionekana.

Sola ina tabia yake. Vifaa vingi vya nyumbani hutoa volti 5 tu kwa USB. Ukichomeka simu moja kwa moja kwenye paneli, kila wingu likipita volti hushuka, simu inakata, inaanza upya, na wakati mwingine inabaki imeng'ang'ania kiwango kidogo cha mwanzo hata jua likirudi. Ukiona hivyo chomoa na uchomeke tena. Bora zaidi ni kujaza betri ya sola au pawabenki mchana, kisha simu ichaji kutoka hapo.

Kwa pawabenki, angalia ile namba 22.5W. Mara nyingi imetokana na volti 5 kwa ampea 4.5 za mfumo wa Huawei. Simu nyingine itapata 18, na hiyo bado ni haraka. Na kama pawabenki au chaja ina matundu mawili, jaribu ukitumia moja: nyingi zikichomekwa simu mbili huteremsha matundu yote hadi volti 5, na alama ya haraka inatoweka kwenye simu zote.

Umeme wa TANESCO au Kenya Power ukiwa mdogo, chaji inakuwa ya polepole?

Ni nadra sana. Soma INPUT kwenye kichwa: 100–240V. Chaja inatoa kile kile ukutani pakiwa na volti 240 au 170. Taa zikififia na feni ikizunguka kwa uvivu, chaja yako bado iko kazini kama kawaida. Kinachoiumiza ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, na hapo huwa inakufa kabisa, haichaji polepole.

Kuna tone la maji kwenye skrini badala ya radi.

Simu imehisi unyevu kwenye tundu na imekataa kuchaji ili miguso isioze. Chomoa upande wa ukutani kwanza. Tikisa simu tundu likitazama chini, iache penye upepo kwa saa kadhaa. Mchele hausaidii, unaacha unga. Draya ya nywele ni joto lisilotakiwa. Tone likiendelea kuonekana siku ya pili ilhali pamekauka, mara nyingi ni chumvi ya jasho au maji ya bahari iliyobaki ndani.

Nipimeje mwendo wa kweli bila kutegemea alama?

Tafuta uwezo wa betri. Miliampea-saa zidisha kwa 3.85, gawanya kwa 1000, unapata wati-saa. Betri ya 5000 ni kama wati-saa 19.

Shusha chaji hadi chini ya 20. Zima data na skrini. Chomeka, na ikifika 20 kamili anza kuhesabu muda mpaka 50. Asilimia 30 za betri hiyo ni wati-saa 5.8. Ikitumia dakika 60, betri imepokea wastani wa wati 5.8, hiyo ni chaji ya kawaida iliyochoka. Dakika 30 ni karibu wati 11.6. Dakika 18 ni wati 19, na hapo chaja ya 25 inafanya kazi yake, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto na nyingine huendesha simu yenyewe.

Programu kama Ampere na AccuBattery huonyesha miliampea zinazoingia kwenye betri. Kumbuka zinapima kwenye betri, si kwenye waya: miliampea 3000 kwenye betri ya volti 3.9 ni wati 11.7, japo chaja inatoa ampea 1.5 tu kwa volti 9. Simu zenye betri iliyogawanywa vipande viwili, kama nyingi za SuperVOOC, huweza kuonyesha nusu ya ukweli. Ukitaka uhakika, nunua kimita kidogo cha USB kinachokaa kati ya chaja na waya. Kikisoma volti 5.1 muda wote, mapatano ya 9 hayakufanyika, skrini iseme itakavyosema. Ila kwa VOOC na mifumo yake ya binafsi, kimita cha kawaida kinaweza chenyewe kukata mazungumzo.

Kuchaji haraka kunaua betri?

Kinachoichosha ni joto, na kukaa muda mrefu imejaa pomoni. Simu inayochaji kwa wati 33 bila kuungua mkononi iko salama kuliko ya wati 10 iliyolazwa chini ya mto. Kama huna haraka usiku, zima kitufe cha chaji ya haraka, au washa kikomo cha asilimia 80 kama simu inacho. Ukishakiwasha, usishangae asubuhi kukuta imesimama hapo.

Fundi amebadilisha tundu la chaji, sasa inachaji lakini si kwa haraka.

Kwenye simu nyingi tundu limeshikamana na bodi ndogo ya chini, na bodi za kopi mara nyingi hazina njia zote za mazungumzo: umeme unapita, data haipiti, au ile miguso ya ziada ya VOOC haipo kabisa. Inawezekana pia utepe unaounganisha bodi ya chini na ya juu haujakaa sawasawa. Kwa hiyo kabla hujalipa, jaribu mbele ya fundi kwa kichwa na waya wako mwenyewe, betri ikiwa chini ya asilimia 50. Alama irudi ile uliyokuwa ukiiona zamani, waya uingie pande zote mbili na alama isibadilike, kisha simu iunganishwe na kompyuta na mafaili yaonekane. Upande mmoja ukikataa, mguso mmoja haujachomewa vizuri, na simu ifunguliwe tena papo hapo.